Shahamu ya Dubu na Miti Izaayo

Katika misitu ya Amerika ya Kaskazini, toka milima ya Appalachia hadi pwani za Alaska, msasi wa dubu mweusi aijuaye kazi yake hutazama miti kwanza na nyayo baadaye. Kwani mnyama huyu, yafikapo majira ya majani kupukutika, huwa mtumwa wa tumbo lake kiasi kwamba mtu aliyekwisha kujua ni mti gani umezaa mwaka huo na ni upi umekosa, amejua pia dubu yuko wapi, atakaa huko hadi lini, na, jambo ambalo wengi hawalitii maanani, nyama yake itakuwa na ladha gani chunguni.

Asili ya utumwa huo ni usingizi wa baridi. Katika nchi za kaskazini dubu huingia tunduni mnamo Oktoba au Novemba akakaa humo miezi mitano au zaidi, hali, hanywi, wala haendi haja, akiishi kwa shahamu aliyoiweka akiba chini ya ngozi. Kwa hiyo katika wiki za mwisho kabla ya kulala hula karibu usiku na mchana, hata hukadiriwa kwamba aweza kupata kalori 20,000 kwa siku moja, kiasi ambacho mtu mzima hukimaliza kwa siku nane au zaidi. Kwa jike jambo lenyewe ni zito zaidi, maana hupandwa mnamo Juni au Julai, lakini mimba haijishikizi tumboni hadi Novemba hivi, na ikiwa mama amefika wakati huo amekonda, hupotea pasipo kukua.

Riziki hiyo, katika misitu ya mashariki, hutoka kwanza kwenye mialoni, nayo ni ya namna mbili ambazo msasi hana budi kuzipambanua. Mwaloni mweupe hukomaza tunda lake katika mwaka uleule wa maua, tunda lenye ukakasi mchache ambalo huanza kuota mara liangukapo, kwa hiyo huliwa mapema. Mwaloni mwekundu hukaa na tunda lake miaka miwili, likawa na mafuta mengi zaidi na ukakasi mwingi zaidi, lakini likadumu ardhini majira yote ya baridi. Basi baridi ya ghafla ikiunguza maua, mialoni myeupe huonesha hasara mwaka huohuo, ilhali ile myekundu huzaa kama kwamba halikutokea neno, na ukata wake hudhihiri mwaka wa pili. Na msasi asiyekumbuka hali ya hewa ya mwaka uliotangulia hubaki akistaajabu kwa nini bonde lililojaa dubu limekuwa tupu. Zamani hesabu hii ilikuwa nyepesi, kwa sababu palikuwapo miti ya chestinati iliyozaa karibu kila mwaka bila hiana. Lakini maradhi ya ukungu yaliyogunduliwa New York mwaka 1904 yaliifyeka kwa mabilioni katika muda wa miaka hamsini hivi, yakamwachia dubu mialoni yenye tabia ya kutoa mwaka mmoja na kunyima mwingine.

Huko Maine, kaskazini zaidi, mti wenye kauli ni ule uitwao bichi, wenye gamba laini la kijivu ambalo huhifadhi alama za kucha kwa miaka mingi. Atazamaye juu ataona jambo la ajabu zaidi: matawi yaliyovunjwa na kurundikwa katika panda ya mti mfano wa kiota kikubwa, na kumbe si kiota, bali ni mahali dubu alipoketi akayavuta matawi kwake moja baada ya moja, akala njugu zake na kuyakalia matawi yenyewe. Sheria ya jimbo hilo huruhusu kuwinda kwa chambo kuanzia mwisho wa Agosti, na chambo chenyewe aghalabu ni maandazi na vitu vitamu vilivyochacha. Mwaka wa neema dubu huyapita maandazi hayo kando, madhali msitu umemwandalia karamu. Mwaka wa ukata huyajia mbiombio, na idadi ya waliouawa hupanda, ingawa msimu nao huwa mfupi, kwani msitu ukikosa chakula dubu, na hasa majike, hujifungia tunduni mapema.

Sasa tuje kwenye chungu. Ng'ombe na mbuzi wana tumbo la kucheulia ambamo bakteria huyageuza mafuta ya chakula kabla hayajafika mwilini, na ndiyo sababu shahamu yao haitofautiani sana. Dubu, kama nguruwe, ana tumbo moja tu, na mafuta ayalayo huenda kukaa mwilini karibu kama yalivyokuwa, kama mfugaji yeyote wa kwetu ajuavyo kwamba kuku aliyelishwa dagaa huwasaliti dagaa wake mezani. Dubu aliyenona kwa matunda ya mwaloni huwa na shahamu laini na tamu, kwa sababu ileile inayowafanya Wahispania wawathamini nguruwe wao waliolishwa chini ya mialoni. Aliyenona kwa buluberi husifiwa kupita wote. Aliyevamia shamba la mahindi halalamikiwi na mtu ila mwenye shamba. Lakini aliyeshinda mtoni akila samoni hunuka samaki, na katika sehemu nyingi za Alaska sheria yenyewe imelizingatia hilo, maana humlazimisha msasi kuchukua nyama ya dubu mweusi aliyeuawa kati ya Januari na mwisho wa Mei, lakini baada ya hapo humlegezea. (Msomaji wa pwani, ambaye kwa madhehebu ya Shafi mnyama mwenye chonge za kushambulia si halali kwake, na aichukue habari hii kuwa elimu tu.)

Kwa hivyo mwaka unaomrahisishia msasi kazi ndio umharibiao kitoweo: dubu ajaye kwenye chambo kwa njaa amekonda, na pengine amepita kwenye jaa na kwenye mizoga njiani. Mimi naona lawama nyingi atupiwazo mnyama huyu zingemstahili aliyemchinja kwa uzembe, kwani shahamu laini huchacha upesi, na manyoya pamoja na mafuta huhifadhi joto la mwili hata penye baridi. Asiyemchuna papo hapo na kuiondoa shahamu huonja uvivu wake. Shahamu hiyo ikitengwa na kuyeyushwa kwa moto wa polepole hutoa mafuta meupe ambayo walowezi wa zamani waliyatumia kukaangia na kukandia unga. Nyama yenyewe haiachwi na wekundu katikati, kwa sababu ya minyoo ya trikinela, ambayo ile ya nchi za baridi haifi kwa kugandishwa. Sharti joto lifike nyuzi 71 za Selsiasi ndani kabisa, na kwa hiyo wapishi wengi wa huko huitokosa kwa saa nyingi hadi iachane na mfupa.