Mlipuko Usio na Kazi

Waliohudhuria maonyesho yale ya magari ya tabo jijini Nairobi, na walioyatazama baadaye katika simu zao, hawana haja ya kukumbushwa jambo lenyewe: ile Impreza nyeupe, ikiwa imefungwa minyororo juu ya mashine ya kupimia nguvu, ilipandishwa hadi mizunguko 6,000 kwa dakika, dereva akaachia mafuta ghafula, na ekzosi ikaripuka mfululizo na kutema ndimi za moto, hata hadhira ikasimama na kushangilia. Kwa maoni yangu, na nasema bila ya kusitasita, kilichoshangiliwa pale ni kosa la fundi, tena kosa lililotiwa kwa makusudi katika injini njema isiyokuwa na haja nalo.

Kazi nyingine ya karakana iliyolitengeneza gari hilo ilikuwa safi: kipozeo cha hewa kimechaguliwa kwa kipimo, pampu ya petroli yatosha, na mishono ya kulehemu imetulia.

Sasa na tuitazame nukta ile kwa utulivu. Dereva anapoachia mafuta gari likiwa katika mwendo, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na ramani ya kompyuta iliyotoka kiwandani huamuru nozeli zifungwe kabisa mpaka mizunguko ishuke karibu na ile ya gari lililosimama, hivyo kwa muda huo silinda hupitisha hewa tupu, na vali, manifoldi na tabo hupata nafasi ya kupoa baada ya taabu ya kuvuta. Fundi wetu aliifuta amri hiyo. Kisha, kwa kuwa petroli peke yake haitoshi kuleta kishindo, aliichelewesha cheche ya plagi, ambayo desturi yake ni kuwaka kabla ya pistoni kufika juu, mpaka ikawa yawaka baada ya pistoni kwisha kugeuka na kuanza kushuka. Na maadamu mwako huhitaji muda, vali ya kutolea moshi hufunguka ilhali moto ungali unakula, basi gesi inayoungua na petroli isiyopata kuungua huvuka pamoja, hupita katika manifoldi, huingia katika tabo, na huko mbele zinapokutana na hewa ya kutosha ndipo huripuka. Nguvu ambayo ingeisukuma pistoni, au ambayo isingetolewa hata kidogo, huishia katika chuma. Gurudumu la tabo linalozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ambalo lilikuwa likingojea wakati huo ili lipumzike, huongezewa joto na kupigwa na mawimbi ya mripuko. Gasketi za manifoldi huanza kuvujisha. Na petroli ya ziada huosha mafuta ya kulainisha katika kuta za silinda, ikateremka hadi katika sampu na kuyafanya mepesi mafuta ambayo beringi zote za injini zayategemea.

Wapo watakaonijibu, kama walivyokwisha kunijibu zamani, kwamba magari ya rali huripuka vivyo hivyo, na kwamba sauti ile tuliipenda sote tulipoisikia katika vumbi la rali ya Safari. Ni kweli huripuka, walakini hujja hiyo huanguka pale inapoulizwa hewa inatoka wapi. Katika antilagi ya kweli, yaani ile mbinu ya rali ya kuizuia tabo isilale, kuna njia ya kupitisha hewa hata dereva akiwa ameondoa mguu, ama kwa kuiacha klapa ya hewa wazi kidogo, ama kwa vali maalumu inayoipeleka hewa moja kwa moja katika manifoldi. Hewa hiyo ikichanganyika na petroli na cheche iliyocheleweshwa, mwako hufanyika nyuma ya vali, na gesi zake huliendesha gurudumu la tabo ili dereva akikanyaga tena apate shinikizo papo hapo. Mahandisi wa rali wa mwaka 1995, walipobanwa na kanuni iliyoilazimisha hewa yote ya injini ipite katika tundu la milimita 34, hawakuwa na anasa ya kuingoja tabo iamke, na walijua barabara kwamba watailipa hesabu hiyo kwa tabo mpya. Katika Impreza nyeupe klapa imefungwa, hewa haipo, shinikizo halipatikani. Tumechukua gharama yote ya antilagi tukaiacha faida yake, na jambo hilo mimi siwezi kuliita ufundi.

Colin McRae alipoishinda Safari ya mwaka 1997 kwa Impreza, yeye aliyesifika kwa kuvunja magari, aliishinda kwa kulihurumia gari lake katika njia zile za mawe, naye akarudi kuishinda mwaka 1999 na 2002 kwa Ford Focus. Na kabla yake, Björn Waldegård aliichukua mwaka 1984 na 1986 kwa Toyota Celica, ambayo tabo yake ilikuwa nzito kuamka. Ajizi hiyo alikabiliana nayo kwa mguu wake na kwa kuisoma njia mapema. Patrick Njiru naye alimaliza wa nne mwaka 1994 katika Impreza iliyokuwa karibu sana na ile ya dukani. Madereva hao wangalipewa ramani ya namna hii wangaliirudisha kwa fundi siku hiyohiyo.

Fauka ya hayo, chanzo cha tabia hii ya kuiripusha ekzosi nimekwisha kukilalamikia katika safu hii, nami nitaendelea kukilalamikia: ile vali ya kupumulia inayotoa hewa nje kwa mluzi, inayofungwa katika gari ambalo hewa yake imekwisha kupimwa na kihisi. Kompyuta huamini kwamba hewa ile ingalimo, humimina petroli ya kiasi chake, na kila gia inapobadilishwa mchanganyiko huzidi petroli na ekzosi hubwata. Vijana wakaipenda sauti hiyo, mafundi wakajifunza kuiuza. Hali kadhalika masega ya kusafishia moshi, ambayo hukatwa na kutupwa ili moto upite, au huachwa yaunguzwe na petroli hiyo mpaka udongo wake uyeyuke; na katika baadhi ya Impreza za mwanzo wa miaka ya 2000, sega moja limewekwa kabla ya tabo, hivyo kipande kitakachobanduka hakina njia ila katikati ya mapanga ya gurudumu.

Mwenye gari lile, ikiwa atasoma haya, na airudishe amri ya kukata petroli kama ilivyotoka kiwandani, airejeze cheche mahali pake wakati wa kuachia mafuta, ayamwage mafuta ya injini na kuyanusa kama yana petroli, kisha afungue bomba la chini ya tabo autazame ukingo wa gurudumu kwa tochi kabla ya kulipeleka tena gari barabarani.