Bahari Haikai Ichorwe

Mlima hukaa ukachorwa. Nyumba hukaa, mti hukaa, hata mtoto ukimbembeleza atatulia kitambo. Wimbi halikai. Mchoraji akichovya brashi na kuinua macho, lile alilolikusudia limekwisha kupasuka, na jingine, lenye umbo lake na nuru yake, limeshika nafasi. Ndiyo maana, katika wachoraji wote wa mandhari, heshima yangu ya kwanza nampa yule anayepaka maji yakawa maji.

Mmoja wao, Ivan Aivazovsky, alizaliwa mwaka 1817 huko Feodosia, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi. Bahari alikwenda kuitazama, lakini kuichora aliichora chumbani, kwa kumbukumbu. Aliamini kwamba mwendo wa maji na upepo haushikiki papo hapo kwa brashi. Ufukweni alichukua michoro michache ya penseli, basi. Yaliyobaki aliyabeba kichwani. Alipofariki mwaka 1900 aliacha kazi zinazokadiriwa kufikia 6,000, nyingi zikiwa za bahari.

Wapo watakaosema kuwa kuchora kwa kumbukumbu ni kubuni tu. Mimi naona kinyume chake. Anayenakili anaweza kufuata jicho bila kuelewa, ila anayekumbuka hana pa kujificha: ni lazima ajue maji yanavyofanya kazi.

Ajue kwanza kwamba bahari haina rangi moja. Maji yaliyo miguuni pako, ukiyainamia, hukuonyesha mchanga na mawe ya chini. Yale ya mbali, unayoyatazama kwa ulalo, hukurudishia anga. Na wimbi moja hukusanya yote mawili: upande unaotuelekea umesimama, nasi twaona ndani yake, mgongo umelala, nao umevaa mbingu. Karibu na kilele maji yamekuwa membamba, na jua likiwa nyuma yake nuru hupenya, ikatokea upande wetu ikiwa ya kijani. Kijani hicho ndicho mtihani. Kikizidi kidogo tu, wimbi zima limekufa.

Kwetu pwani jambo hili lina uzito wake. Maji haba juu ya mchanga mweupe wa matumbawe, kama pale Paje au Watamu, hurudisha nuru upesi, nayo hutoka rangi ya feruzi. Ukivuka mwamba, kina humeza nuru na buluu inaiva. Mvuvi husoma kina cha maji kwa rangi yake. Lakini picha nyingi za pwani yetu zinazouzwa zimepakwa buluu moja kutoka ufukweni hadi upeo wa macho. Jahazi zuri, mnazi mzuri, na chini yake hakuna bahari. Inaniuma, kwa sababu mikono iliyochora jahazi lile ina uwezo wote.

Povu nalo huwapoteza wengi. Povu ni viputo vya hewa, na viputo vina kivuli. Upande usiopigwa na jua ni kijivu, pengine zambarau hafifu. Weupe kamili huachiwa sehemu ndogo sana. Povu la wimbi lililopita hutandaa juu ya maji kama wavu, likifuata kila mwinuko na kila bonde, matundu yake yakipungua kadiri yanavyokwenda mbali. Mwenye subira ya kuyapunguza matundu hayo moja moja ndiye atakayelaza bahari, isisimame kama pazia.

Yote haya yamo katika Wimbi la Tisa, turubai ya Aivazovsky ya mwaka 1850 yenye upana wa zaidi ya mita 3, iliyoko Saint Petersburg katika Jumba la Makumbusho la Urusi. Dhoruba ya usiku imepita, kumekucha, na manusura wamekumbatia kipande cha mlingoti. Mabaharia waliamini kuwa mawimbi huja kwa mfuatano na la tisa ndilo kubwa kuliko yote. Nuru katika maji yale Aivazovsky aliipata kwa kupaka tabaka nyembamba za rangi, moja juu ya nyingine, jicho likazama ndani yake. Gustave Courbet, alipochora mawimbi ya Étretat huko Ufaransa mwaka 1869, alishika njia nyingine: rangi nzito iliyosukumwa kwa kisu. Wimbi lake lina uzito wa kuvunja mbavu. Nalistahi, ila nuru ya Aivazovsky naipenda zaidi.

Mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 80 hivi, Aivazovsky alichora Katikati ya Mawimbi. Haina meli wala mtu. Ni maji na anga tu.

Kijana wa pwani unayetaka kazi hii, iache brashi nyumbani kwanza. Nenda kusi likivuma, nenda bamvua na maji mafu, alfajiri na adhuhuri. Chagua wimbi moja lingali mbali, lifuate kwa macho hadi lipasuke, kisha geuka useme kijani chake kilikuwa wapi. Siku utakayojibu bila kulitazama tena, nunua turubai.