‘Bonyeza’ ama ‘Gusa’?

Wafasiri wa programu za simu wametuzoesha ‘bonyeza hapa’. Bonyeza hutokana na bonyea: embe bivu hubonyea, kioo cha simu hakibonyei! Skrini nyingi za awali zilitaka kukandamizwa, sawa. Ila hizi zilizoenea baada ya 2007 huhisi badiliko la umeme kidole kinapozigusa tu. Basi ‘gusa’. Na huu si ubishi wa wasomi. Hapa Likoni tuna shule ya wasioona. Anayesomewa skrini kwa sauti akigusa mara moja hutajiwa kitufe. Akigusa mara mbili upesi, ndipo kitufe hufanya kazi. Sasa ukimwambia ‘bonyeza’, afanye lipi? Kitenzi hicho tukiachie kishikwambi cha kuchorea: kalamu yake hupima nguvu ya mkono, ukikandamiza mstari hunenepa.