Mti wa Chitambo na Kijitabu Chetu cha Shukrani

Usharika wetu ulipoadhimisha sikukuu ya shukrani, wazee wa kanisa walinipa kazi ya kuandika kijitabu. Niliipokea kwa furaha. Nilikusanya picha, nikakaa na wazee kuwasikiliza, nikaandika kurasa 32 juu ya uaminifu wa Mungu, tangu siku watu wetu waliposali chini ya mwembe mpaka siku tulipoezeka kanisa kwa bati. Nakala zote ziliisha katika Jumapili mbili. Watu walinipongeza, na sitasema uongo, kichwa kilivimba kidogo.

Jumapili ya tatu bibi mmoja alinisubiri nje ya mlango wa kanisa. Tulipokwisha kusalimiana alinishika mkono, asiuachie. Akasema, "Mchungaji, mwanangu, mjukuu wangu amenisomea kitabu chako chote. Ile wiki ya kuezeka umeandika kwamba ilikuwa wiki ya furaha kubwa. Ndiyo wiki niliyomzika mwanangu. Ninyi mlikuwa juu ya paa, sisi tulikuwa makaburini. Sasa wiki ile Mungu alikuwa mwaminifu kwa nani?"

Nilimwombea. Ndivyo tunavyofanya wachungaji tukikosa jibu. Jioni nilikisoma kijitabu upya, safari hii kwa macho ya bibi yule, nikaona mambo ambayo mwandishi wake alikuwa ameyaruka. Mwaka fedha za ujenzi zilipopotea na nusu ya Wakristo wakahama, nilikuwa nimeuandikia aya mbili, kisha nikazifuta mwenyewe bila kuombwa na mtu. Akina mama waliobeba mawe na maji kichwani misimu miwili walipata sentensi moja: "Akina mama nao walijitolea." Mhisani aliyetoa saruji alipata picha na jina lake kamili.

Ninavyo kabatini vijitabu vya namna hii kama kumi, vya sharika mbalimbali, na vyote ni ndugu wa tumbo moja. Huanza na picha ya mchungaji wa kwanza. Hufuata orodha ya majengo, mwaka wa jiwe la msingi na askofu aliyeliweka. Mwisho ni shukrani kwa wafadhili. Na katikati, mahali palipo na jambo gumu, utakuta sentensi inayoanza kwa maneno "pamoja na changamoto mbalimbali". Neno hilo changamoto ni blanketi kubwa. Linafunika njaa, wizi, ugomvi na msiba, vyote vikalala kimya chini yake.

Nataka basi kuvihakiki vijitabu hivi, nikianza na changu. Kwa kuwa kuhakiki kunataka kitu cha kulinganisha, nitaleta maandishi mengine ya ukumbusho, yenye asili ya njia yetu hii hii.

Kwihara haiko mbali na mjini Tabora, ni kilomita chache tu. Ipo tembe iliyojengwa upya kuwa makumbusho, kwa sababu mahali hapo David Livingstone alikaa mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley, kisha peke yake akingoja watu wa kumchukulia mizigo. Watu hao walifika Agosti mwaka huo wakitokea pwani, na miongoni mwao alikuwemo kijana Myao aliyeitwa Jacob Wainwright. Jina hilo, bila shaka, si la Wayao. Alikuwa ametekwa na kuuzwa utumwani, Waingereza wakamwokoa na kumpeleka India, akasomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, akajua kusoma na kuandika Kiingereza. Akarudi Afrika akiwa mpagazi.

Livingstone alifariki mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wangeweza kumzika wakatawanyika. Badala yake waliukausha mwili kwa chumvi na jua kwa siku 14, wakauzika moyo chini ya mti, na Jacob akasoma ibada ya maziko kutoka katika kitabu cha sala. Kisha wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo. Walipita hapa Unyanyembe mwezi Oktoba, wakamkuta Luteni Cameron, ambaye aliwashauri wauzike hapa hapa. Wakakataa. Mbele ya safari waliposikia kwamba watu hawatakubali maiti ipite katika nchi yao, waliufunga upya mwili ufanane na mtumba wa nguo, wakapita nao. Walifika pwani Februari 1874.

Habari hiyo wengi wetu tuliisikia shuleni. Lakini Jacob aliacha maandishi ya aina mbili, na hayo hatuyajui sana. La kwanza ni shajara, daftari la habari za siku hizo, ambalo ndilo andiko pekee linalojulikana la mkono wa Mwafrika aliyekuwepo wakati wa kifo kile. La pili ni maneno machache aliyoyachonga kwenye mti juu ya kaburi la moyo. Kipande cha mti huo kilikatwa baadaye kikapelekwa London, kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia.

Mtini Jacob alichonga jina la Livingstone na tarehe, 4 Mei 1873. Chini yake akachonga majina matatu: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Hao ni wakubwa wa msafara, wapagazi wenzake. Jina lake mwenyewe hakulichonga.

Tuyasome maandishi haya kama tunavyosoma andiko lolote. Kwanza ni mafupi, wala hayana sifa. Hayasemi marehemu alikuwa shujaa, hayasemi alikufa vizuri. Pili, yanamweka bwana na wapagazi katika orodha moja, kwenye gome moja, kwa kisu kile kile. Yeyote anayejua jinsi misafara ilivyoandikwa katika vitabu vya wazungu wa karne ile atajua jambo hili lilikuwa geni kiasi gani. Mwenye safari hupata jina, na waliobeba huhesabiwa kwa idadi, pamoja na mitumba na madoti ya nguo. Tatu, tarehe yenyewe ina tatizo, kwa maana kitabu kilichochapwa Uingereza baadaye kinasema Livingstone alifariki tarehe 1. Hilo halinisumbui sana. Anayekumbuka kwa uaminifu anaweza kukosea siku, na waandishi wetu wanne wa Injili nao hawalingani katika kila saa.

Kitabu hicho cha Uingereza kilihaririwa na Horace Waller, padre wa Kianglikana. Aliwahoji Susi na Chuma, watumishi wawili wa Livingstone, akayaunganisha maelezo yao na shajara za marehemu, kikatoka mwaka 1874. Ndani yake mna habari maarufu ya Livingstone kukutwa amepiga magoti kando ya kitanda, kama aliye katika maombi. Picha hiyo ilienea katika vitabu vya misheni duniani kote. Sidai kwamba Susi na Chuma walisema uongo. Ninachosema ni kwamba wasomaji wa Waller walihitaji mtakatifu, wakampata. Walipokwisha kumpata, wale zaidi ya hamsini waliobeba, wapishi na wanawake waliokuwa pamoja nao wakawa mapambo pembeni ya picha. Halima, aliyempikia Livingstone miaka mingi, nani anamhubiri? Kijitabu changu kilifanya kazi ya Waller. Mti wa Chitambo ulifanya kazi nyingine.

Mtu ataniambia: Mchungaji, sikukuu ya shukrani ni ya shukrani. Tusiiharibu kwa kufukua makaburi. Hoja hiyo ina nguvu, na naona hata Biblia inaiunga mkono kwa sehemu. Zaburi ya 105 inasimulia historia yote ya Israeli, kutoka Ibrahimu mpaka kuingia nchi ya ahadi, bila kutaja hata mara moja manung'uniko ya jangwani wala ndama ya dhahabu. Ni kijitabu cha jubilei kizuri kuliko vyote. Lakini hata hiyo inataja njaa, na miguu ya Yusufu iliyoumizwa kwa minyororo. Tena waliopanga Zaburi waliweka mara baada yake ya 106, inayoirudia safari ile ile na kuhesabu dhambi za mababa moja moja. Waliziacha zikae jirani. Mimi niliandika 105 nikaichana 106.

Tuchukue na jiwe la Ebenezeri, maana vijitabu hivi havikosi kulitaja. Katika 1 Samweli 7 Samweli analisimamisha jiwe na kukiri kwamba Bwana amewasaidia mpaka hapo. Tunahubiri hapo kila mwaka mpya. Lakini rudini nyuma sura tatu. Katika sura ya 4 Israeli wanapiga kambi mahali panapoitwa Ebenezeri, na hapo hapo wanapigwa na Wafilisti, watu 30,000 wanaanguka, na sanduku la agano linachukuliwa. Mwandishi anatuonjesha jina hilo kwanza katika kushindwa. Msomaji anapofika kwenye jiwe la Samweli tayari ana masikio mawili: anasikia msaada, na anasikia pia kilio cha siku ile. Kama mwandishi wa Samweli angekuwa na mazoea yangu, sura ya 4 ingesomeka "pamoja na changamoto mbalimbali za kivita".

Na Maombolezo 3:23, aya tunayoichapa kwenye kalenda na kuishona kwenye vitenge vya kwaya, juu ya uaminifu wa Mungu ulio mkuu na rehema zilizo mpya kila asubuhi? Inatoka katika mji uliochomwa moto. Aya ya 19 na ya 20 zinaanza kwa kukumbuka uchungu na nyongo, na nafsi iliyoinama ndani ya mtu. Mwenye kusema hajakatazwa kukumbuka mateso ili afike kwenye tumaini. Anapitia hapo. Wimbo uliotungwa kutokana na aya hiyo mwaka 1923 ni mzuri nami naupenda, ila kila tunapouimba tumekwisha kuikata aya na shina lake.

Luther huko Heidelberg mwaka 1518 alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba, na alama aliyoitoa ni ya lugha: wa kwanza huita kibaya kizuri, wa pili hukiita kitu kwa jina lake. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani chuoni nikapata alama nzuri. Miaka kama ishirini baadaye niliandika kwamba wiki ya maziko ilikuwa wiki ya furaha kubwa.

Nirudi kwa Jacob kidogo. Alisafiri na mwili mpaka Uingereza, akawa mmoja wa walioshika jeneza katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Baadaye alirudi bara. Alimalizia siku zake Urambo, magharibi yetu kwenye njia ya Kigoma, katika kituo cha London Missionary Society kilichoanzishwa mwaka 1879 na daktari ambaye, kwa bahati, aliitwa Ebenezer Southon. Jacob alifariki huko mwaka 1892. Miaka sita baadaye kituo kikapita mikononi mwa ndugu zetu Wamoravian. Sisi Walutheri tulikuja nyuma sana katika nchi hii, na njia tuliikuta imekwisha kukanyagwa. Mkristo huyu aliyesoma maziko msituni na kuandika majina ya wenzake alikufa ndani ya mkoa wetu, na sijawahi kusikia akitajwa katika ibada yetu hata moja ya ukumbusho wa wamisionari. Mimi mwenyewe nimeongoza kadhaa za hizo.

Je, bibi nilimjibu nini? Nilikwenda kwake wiki mbili baadaye, na sikwenda na fundisho. Nilikwenda na daftari. Nilimwomba anitajie majina ya waliobeba mawe. Akataja jina, akanyamaza, akataja lingine, akasahihisha, akamwita jirani yake wakabishana. Mmoja alikuwa amehamia Kahama, mmoja aliacha kanisa ule mwaka wa fedha na hakurudi, watatu wamelala makaburini. Tulimaliza jua linazama. Juu ya swali lake alisema neno moja tu nilipokuwa nasimama: kwamba wiki ile walikuja watu wawili wakashuka kutoka kwenye paa, wakachimba kaburi, wakarudi kupiga misumari. "Hao uwaandike," akasema.

Toleo la pili liko kwa mpiga chapa. Aya mbili nilizozifuta nimezirudisha, na mzee mmoja wa kanisa bado hajafurahi. Neno changamoto limetoka katika kurasa zote isipokuwa moja, ambayo ni salamu za mgeni rasmi na sina mamlaka nazo. Majina ya waliobeba mawe yamepangwa katika ukurasa ule ule wenye jina la mhisani wa saruji, kwa herufi za ukubwa mmoja, na wachimba kaburi wawili wako chini yao. Bibi aliomba jina la mwanawe nalo liwekwe, ingawa kijana yule aliugua muda mrefu na hakubeba jiwe hata moja. Nimeliweka, pamoja na tarehe.