Filamu Tano na Watu Niliotazama Nao

Miezi miwili hii nimetazama filamu nyingi kuliko vitabu nilivyosoma, na sioni haya kulisema hapa kwenye jarida la fasihi. Mvua za jioni Kisumu zimetufungia ndani, stima zimekuwa na adabu kiasi, na kijana wa duka la muvi kule Kondele ananijazia flashi kwa bei ya soda mbili. Kwa hivyo maoni ninayo, na alama nitatoa.

Kila mtu ana mizani yake. Kuna wanaoangalia jinsi picha ilivyopigwa. Kuna wanaohesabu maiti kabla ya nusu saa kuisha. Halafu tuko sisi tuliolelewa na DJ Afro, ambao filamu bila mtu wa kuisimulia kwa Kiswahili, mbio kama mtangazaji wa mpira, tunaiona haina chumvi. Siku hizi nimeongeza swali moja: je, filamu hii naweza kuiweka mbele ya mtu inayemhusu, nikaketi kando yake mpaka mwisho bila kutafuta rimoti? Ndiyo maana hizi tano sikuzitazama peke yangu.

Nairobi Half Life (2012): 8/10

Hii nilitazama na jirani yangu wa bodaboda, ambaye ameiona mara nyingi kiasi kwamba anasema maneno kabla ya waigizaji. Mwas, kijana wa mashambani anayeuza DVD na kuwaigizia wateja wake, anaenda Nairobi kutafuta uigizaji. Anaporwa siku ileile, anatupwa korokoroni, na mwishowe anaishi maisha mawili: mchana mazoezi ya jukwaani, usiku kuiba vipuri vya magari. David "Tosh" Gitonga aliiongoza, na ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuwasilisha kwenye mashindano ya Oscar.

Ile sehemu ya choo cha korokoroni bado haijapata mpinzani. Mwas analazimishwa kusafisha uchafu usiotazamika, naye anageuza adhabu kuwa mchezo. Hapo ndipo unajua huyu ni mwigizaji kweli, hata kabla hajapanda jukwaani. Joseph Wairimu yuko sawa kabisa, lakini marehemu Olwenya Maina, anayecheza Oti, ndiye aliyenibakia akilini. Ana ule upole wa mtu hatari ambao huwezi kufundishwa shuleni.

Alama mbili nimekata kwa sababu ya wanawake wa filamu hii, ambao kazi yao kubwa ni kusubiri wanaume waamue. Jirani yangu hakukubali. Yeye ametoa kumi, na akasema nikate nitakavyo, pikipiki ni yake na kesho nitatembea kwa miguu.

The Wild Robot (2024): 7/10

Mpwa wangu wa miaka saba ndiye aliyeileta. Roboti anaanguka kisiwani, analea kifaranga cha bata bukini, anajifunza umama bila kitabu cha maelekezo. Sauti ya roboti huyo, Roz, ni ya Lupita Nyong'o, na huku kwetu hiyo si habari ndogo. Filamu ya Black Panther ilipooneshwa Kisumu Februari 2018, watu walienda kama wanaoenda kumpokea binti wa boma anayerudi nyumbani.

Lupita anafanya kazi nzuri ya kuanza na sauti ya mashine na kuiacha ipate joto polepole, kiasi kwamba hujui ni dakika gani ilibadilika. Nusu ya mwisho ina milipuko mingi kuliko inavyohitaji. Mpwa wangu alilia, akakana kwamba alilia, kisha akatoa kumi na moja kwa kumi. Tusonge.

Soul Boy (2010): 7/10

Hii ni ya Hawa Essuman, dakika sitini hivi, na haina mafuta. Kijana Abila wa Kibera anaamka na kumkuta baba yake amekaa kama gunia tupu, anadai roho yake imeibwa. Aliyeiba ni Nyawawa, nusu mwanamke nusu ng'ombe. Abila anapewa kazi saba za kutimiza ili amkomboe baba, na anayemsaidia ni Shiku. Yeye ni Mjaluo, msichana ni Mkikuyu, na filamu imetengenezwa muda mfupi tu baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Haihubiri juu ya hilo hata kidogo. Inawaacha watoto wakimbie pamoja kwenye vichochoro, basi. Ukiitazama ukiwa Kisumu, mahali ambapo kila nyumba ina hadithi yake ya 2008, kule kukimbia tu kunatosha.

Taabu ilianza kwa majirani zangu, mama na bwana wake, watu wa Seme. Jina Nyawawa lilipotajwa walinyamaza, halafu wakaanza kupinga. Nyawawa wanaowajua wao hawaishi kwenye chumba, wala hawampi mtu masharti. Wanakuja na upepo kutoka ziwani, jioni, wengi, na unachofanya ni kutoka nje na kupiga sufuria, mabati, debe, chochote chenye kelele, mpaka wapite. "Nyawawa haongeleshwi," yule mama alisema. "Anafukuzwa."

Nikafikiria sana hapo. Essuman ana haki ya kumgeuza pepo wa ziwa kuwa mhusika wa mjini, maana hata watu wenyewe walipohamia Kibera walihama na hofu zao, na hofu hubadilika njiani. Lakini kitu kimoja kimepotea safarini. Nyawawa wa ziwani ni shida ya kijiji kizima, kila nyumba inapiga debe lake. Wa filamu ni shida ya mtoto mmoja na baba mmoja. Hiyo ndiyo sababu ya saba badala ya nane. Hata hivyo, baada ya filamu tulikaa saa nzima tukibishana juu ya nyawawa, na sikumbuki filamu nyingine iliyofanya hivyo sebuleni kwangu.

Darwin's Nightmare (2004): alama mbili tofauti

Hii inahitaji nafasi zaidi, na haikuwa rahisi.

Ni filamu ya matukio ya kweli, imeongozwa na Hubert Sauper wa Austria, imepigwa Mwanza, upande wa pili wa ziwa letu. Inahusu samaki ambaye sisi tunamwita mbuta na Watanzania sangara. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawala wenzake, akawa biashara kubwa ya kuuza nje. Ndege kubwa za Ilyushin zinatua Mwanza kuchukua minofu ya kupeleka Ulaya, na swali linalozunguka filamu nzima ni: zinapokuja, zinakuja na nini? Sauper anaelekeza kidole kwenye silaha. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar, ikamkasirisha Rais Kikwete, na mwanahistoria wa Ufaransa, François Garçon, akaipinga mpaka kwa kitabu. Sauper alimshtaki kwa kumchafulia jina, akashinda.

Niliitazama na mama yangu mdogo. Nilikuwa na sababu. Kwa miaka mingi alikaanga mgongo wazi Obunga. Kwa wasiojua: kiwanda kikishakata minofu miwili ya mbuta, kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, na nyama kidogo iliyokwepa kisu. Hiyo ndiyo mgongo wazi, jina la utani kama la gauni lisilofunika mgongo. Akina mama wananunua, wanaosha, wanakausha, wanatumbukiza kwenye karai la mafuta, wanauza kwa watu ambao minofu yenyewe hawataigusa. Mwanza wanaita mapanki. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye karai lile.

Kwa hivyo filamu ilipofika kwenye mapanki, funza wakitambaa, matope, moshi, nilikuwa simtazami Sauper tena. Nilikuwa namtazama mama mdogo.

Hakushtuka. Aliinama mbele kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. "Hizo zimelala," alisema. "Za kula hazilali hivyo. Hizo ni za chakula cha kuku." Kumbe alikuwa anaingia, bila kujua, katikati ya ubishi ambao wasomi wa Ufaransa waliugombania: yale mabaki yalikuwa ya watu au ya mifugo? Mimi siwezi kuamua kilichokuwa kikiliwa Mwanza mwaka ule. Lakini nimekula ya Obunga, na najua mwanamke anayetaka wateja warudi kesho hawezi kuwauzia funza.

Baadaye akatokea Raphael, mlinzi wa usiku, na mishale yake ya sumu, anayeeleza kwa utulivu kwamba vita vikija kutakuwa na kazi. Ni sehemu kali kuliko zote. Raphael anajibu kwa Kiingereza, na Kiingereza chake ni kichache. Mama mdogo akauliza, "Kwa nini hakumuuliza kwa Kiswahili? Mtu huyu ana maneno, tazama macho yake."

Sikuwa nimelisoma hilo katika uchambuzi wowote, na sasa siwezi kuitazama filamu hii bila kulisikia. Sehemu ya utisho wa Raphael inatokana na lugha yenyewe: sentensi fupi, zilizokatika, gizani. Kwa Kiswahili angekuwa mzee mwenye historia, mwenye jeshi alilolitumikia na watoto wa kuwalisha. Angeweza hata kuchekesha. Sauper amepata picha ya ajabu, lakini ameipata kwa kumsimamisha mtu mahali ambapo hana maneno ya kutosha.

Nisimwonee. Mwanzo wa filamu, pale mnara wa ndege, na mwongoza ndege anayehangaika na wadudu dirishani huku ndege kubwa zikishuka, unasema mambo mengi bila msimulizi. Rubani anayekiri mwishoni kuhusu mizigo aliyowahi kubeba kwenda Angola anakufanya unyamaze. Na lile jambo kuu, kwamba nyama inapanda ndege na mifupa inabaki kwa wenye ziwa, ni kweli tupu. Mama mdogo mwenyewe alisema, "Hilo tulijua bila sinema. Tulikuwa tunaona malori."

Tatizo langu ni kwamba kila kitu ndani ya filamu kimegeuzwa kuwa dalili ya ugonjwa. Samaki ni dalili, mtoto ni dalili, mwanamke anayeanika mapanki ni dalili. Sioni nafasi ya mtu anayepiga hesabu: nimenunua kwa hii, nauza kwa hii, Januari shule zinafunguliwa. Mtu huyo hayupo kwa sababu angeharibu giza. Na mimi mtu huyo alikuwa ameketi kando yangu, amevua viatu, chai inapoa.

Nilimwuliza alama. Akafikiri. "Tano," akasema. "Alichoona kipo. Lakini ameona kwa pua, nyathina."

Mimi natoa saba. Hatujapatana, na sidhani tunapaswa kupatana. Mimi nahesabu ujasiri wa kuuliza nani anafaidika. Yeye anahesabu kwamba miaka yake mingi pale kwenye karai imewekwa mbele ya dunia kama kitu cha kufunikia pua. Alama hizo mbili ziandikwe pamoja.

Supa Modo (2018): 9/10

Nimeiweka mwisho makusudi, kwa sababu baada ya Mwanza nilihitaji kijiji kingine.

Jo ana miaka tisa, ni mgonjwa, hatapona. Anapenda filamu za mapigano na anataka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitalini amlete nyumbani amlinde kwa kumfungia ndani. Dada yake, Mwix, ana wazo lingine: kijiji kizima kishirikiane kumfanya aamini ana nguvu, na hatimaye watengeneze filamu ambayo shujaa ni yeye. Likarion Wainaina ameiongoza kwa mkono mwepesi sana. Stycie Waweru, anayecheza Jo, hakuombi huruma hata mara moja. Ndiyo maana unampa yote.

Yuko pia Mike, anayeonesha filamu kijijini na kuzisimulia kwa maikrofoni, mtindo uleule wa DJ Afro. Kwa mtu aliyekulia kwenye vibanda vya video hiyo ni heshima ndogo ambayo hatukuizoea, kuona kwamba hata utazamaji wetu ni sanaa.

Kilichonishika zaidi ni kwamba wanaopigwa picha ndio wanaoshika kamera. Wanabishana nani awe adui, wanashona mavazi, wanakosea, wanarudia. Kifo kipo, hakifichwi, lakini hakikupewa usukani. Alama moja nimekata kwa sababu sehemu ya mwisho inajua mno kwamba itakuliza na inakusubiri mlangoni na leso.

Mama mdogo aliitazama pia. Hakusema mengi, aliniomba tu niirudishe pale wanapopiga filamu yao, akaicheka upya, halafu akataka kujua kama kijana wa Kondele anaweza kumwekea kwenye simu. Anaweza. Shilingi ishirini.

Wiki ijayo nina Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, na natafuta mtu wa Unguja anayeishi Kisumu wa kukaa naye. Kama ni wewe, chai ipo.