Kumhukumu Okonkwo kwa Haki

Kumhakiki mhusika mkuu wa riwaya kama shujaa wa kitanzia, yaani mtu wa hadhi anayeangamia kwa sababu ambayo yeye mwenyewe anaibeba, ni ufundi unaodai subira, na subira hiyo imeadimika katika madarasa ya fasihi. Aristotle, aliyeuchambua mchezo wa tanzia wa Wagiriki katika karne ya 4 K.K., alieleza kwamba shujaa huyo si mwema kupindukia wala si mwovu, bali huponzwa na hamatia, yaani kosa kubwa la uamuzi. Kauli hiyo hukaririwa na wengi, ila wanaosoma riwaya kwayo ni wachache.

Okonkwo wa Chinua Achebe katika Things Fall Apart (1958), riwaya iliyotafsiriwa na Clement Ndulute kwa jina la Shujaa Okonkwo, ameonewa sana na usomaji wa haraka. Miongozo ya mitihani humworodheshea sifa zake, kwamba ni jasiri, mchapakazi na katili, kisha hufunga ukurasa. Lakini katika kifo cha Ikemefuna, kijana aliyelelewa nyumbani kwake kwa miaka 3 na kumwita baba, mhakiki stadi hutua na kusoma neno kwa neno: mzee Ezeudu amekwisha kumwonya Okonkwo asishiriki, Okonkwo ameandamana na wenzake hadi msituni lakini amejibakiza nyuma, na mwenzake mmoja anapoinua panga, yeye anageuza uso. Chungu cha tembo alichojitwika kijana kinaanguka na kuvunjika; kijana anamkimbilia baba, na baba anammaliza, kwa kuogopa asionekane dhaifu. Ukatili mtupu haugeuzi uso. Hofu ya kufanana na Unoka, baba yake mpiga filimbi aliyekufa na madeni, ndiyo iliyompa Okonkwo ghala za viazi vikuu na vyeo, na ndiyo hiyo hiyo iliyoushika mpini wa panga.

Ufundi huo hutenganisha pia kosa na ajali. Bunduki inayopasuka mazikoni mwa Ezeudu na kumuua kijana mwingine humpeleka Okonkwo uhamishoni Mbanta kwa miaka 7, lakini hakuichagua. Kumkata kichwa tarishi wa serikali ya kikoloni alikuchagua, na papo hapo akatambua kwamba Umuofia, jamii yake, haitapigana. Akajinyonga; na kwa kuwa kujinyonga ni haramu katika mila za Waigbo, watu wake hawakuruhusiwa kuugusa mwili wake, na wageni ndio waliotakiwa kumzika. Unoka hata hakuzikwa, kwani aliachwa afie katika Msitu Mwovu. Mtoto aliyemkimbia baba yake maisha yote alikosa, kama yeye, maziko ya heshima. Ulinganifu huu, ambao ndio uti wa tanzia yote, haumo katika orodha yoyote ya sifa.

Inasikitisha kwamba vijana wengi hufaulu mtihani juu ya Okonkwo bila kuimaliza riwaya. Walimu wa fasihi na wawape wanafunzi kitabu kizima kabla ya mwongozo, tena wawape muda wa kuibadili hukumu waliyoitoa katika sura za mwanzo.