Nyuma ya filme: maneno yetu juu ya «Makala»

Katika seminari zetu na katika parokia nyingi tumezoea kuangalia filme mangaribi ya Siku ya Mungu. Desturi hiyo si mbaya. Lakini nataka kusema neno juu ya saa inayofuata, wakati viti vinaporudishwa pahali pake na kila mtu anatoa maoni yake. Katika saa hiyo tunajulikana ginsi tunavyoangalia.

Hivi karibuni tuliangalia «Makala», filme ya Mfaransa Emmanuel Gras. Mwaka 2017 ilipata tuzo kubwa la Juma la Wahakiki kule Cannes. Si hadisi ya kutungwa. Kabwita, kijana wa kijiji kimoja cha upande wa Kolwezi, anaangusha mti mkubwa kwa shoka, anafunika miti kwa udongo, anaichoma, anajaza magunia, anayafunga juu ya kinga yake, kisha anaisukuma karibu kilometri 50 mpaka mjini. Anatafuta feza za kununua mabati, maana anawaza kujengea mke na watoto wake nyumba. Watu wa filme hii wanasema Kiswahili chetu cha Katanga; hatukuhitaji mtu wa kututafsiria.

Taa ilipowashwa, maoni yalianza. Frateri mmoja alisema: «Ni nzuri, lakini ni ndefu mno.» Wa pili: «Hakuna kitu kinachotokea. Mtu anasukuma tu.» Wa tatu, mwenye akili kali, alisema: «Inatuaibisha. Mzungu amekuja tena kupiga picha za umaskini wetu, akaenda nazo Ulaya kupata tuzo.» Wengi waliitikia. Mimi niliyepewa kazi ya kuongoza mazungumzo nilikuwa nimekwisha kuandika maneno karibu yale yale katika daftari langu.

Wengine hawakungoja. Walikwisha kuhamia filme ya mwezi ujao, «Augure» ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyotoka mwaka 2023. «Ile ni ya uchawi,» mmoja alisema, «isiletwe hapa.» Nikamwuliza kama aliiona. Hapana, aliona picha ya tangazo katika telefone. Basi, mimi niliiona. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji pamoja na mchumba wake mwenye mimba. Anampakata mtoto wa jamaa, damu inamtoka puani, inamwangukia mtoto, na jamaa nzima inashikwa na hofu, kwa kuwa tangu utoto walimwita mtu wa shetani. Filme haisifu uchawi. Inauliza mtu ataishi namna gani akiisha kupewa jina hilo na mama yake mwenyewe. Katekista gani katika miji yetu hajakutana na mtoto aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya jina kama hilo? Tungemhukumu mtu kwa picha yake pasipo kumsikiliza, tungesema ni zambi. Filme nayo ni kazi ya mtu.

Turudi kwa «Makala». Nyuma ya chumba alikaa katekista mmoja mzee, mgeni wetu. Nilimwomba maoni yake kwa adabu tu. Alisimama, akasema: «Padri, mimi nilisukuma kinga ya namna hiyo mbele ya kuwa katekista. Niliwasikia mafrateri. Walianza kuzungumza pale alipopanda mlima. Ni pale pahali pa kunyamaza. Mlimani mtu hasemi, anahesabu pumzi.» Akakaa.

Hakusema filme ni nzuri wala mbaya. Lakini alituonyesha kosa letu. Urefu tuliolalamikia ndio kazi yenyewe ya filme: magari makubwa yanampita Kabwita karibu karibu, vumbi linamfunika, na kamera inabaki kwake. Mwenye kuifupisha njia angetudanganya juu ya samani ya gunia moja.

Na aibu? Mlangoni mwa mji Kabwita anatozwa kitu na watu wenye nguvu kuliko yeye. Sokoni wanunuzi wanabishana naye bei, wanamshusha, wanamshusha tena. Hapo nilikumbuka asubuhi ya juma lile lile. Muuza makala alikuja mlangoni kwetu na kinga yake, na mimi mwenyewe nilimwambia mpishi asikubali bei ile. Tulishinda. Wala sikumwuliza yule mtu ametoka wapi. Niliposema filme inatuaibisha, nilifikiri aibu ni ya umaskini. Nazani sasa aibu ilikuwa yangu, nami niliitupa juu ya Mzungu.

Sisemi filme haina kosa. Muziki wa vinanda unakuja mara nyingine kutulazimisha kuona huruma pahali jasho lingetosha. Kolwezi ni mji wa shaba na kobalti. Kwa nini watu wake bado wanapika kwa makala, filme haiulizi. Na neno la frateri wa tatu lina haki yake: mwenye kamera alitembea kando ya kinga ile, na katika filme hatuoni mkono wake ukisukuma. Lakini swali hilo ni la haki kwa mtu aliyekwisha kujiuliza mkono wake mwenyewe ulikuwa wapi.

Mwisho, Kabwita anaingia katika nyumba ya sala. Sisi mapadri tungependa kuonyeshwa kwamba ameisha kujibiwa, na mabati yako juu ya nyumba. Filme inamwacha akiomba. Naona ni kweli zaidi hivyo.

Mwaka 1936 Baba Mtakatifu Pio XI, katika barua «Vigilanti cura», aliomba kila inchi iwe na ofisi ya kupima filme. Wengi wetu tumebaki na swali moja tu: inaruhusiwa ao inakatazwa? Lakini leo kijana anabeba filme zote mfukoni, wala hataomba karatasi ya padri. Ni lazima yeye mwenyewe ajue kupima. Kwa hiyo nyumbani kwetu tumeweka kanuni tatu ndogo. Asiyeiona filme asiihukumu. Mwenye kusema «nzuri» ao «mbaya» aonyeshe ni pahali gani. Na mtu anayeijua kazi inayoonyeshwa aseme wa kwanza, hata kama ni mpishi wa nyumba.

Juma lililofuata muuza makala alirudi. Mpishi alikuja kuniuliza: «Padri, tumpe bei gani?» Nilitoka mwenyewe mpaka mlangoni, nikamwuliza kwanza njia yake ilikuwa ya saa ngapi.